Nini kisimame? Niliyojifunza nikituliza video kati ya ziwa na uwanja wa fahali

Mteja akiniletea klipu inayotikisika huwa na ombi moja tu: "Itulize." Mimi humjibu kwa swali ambalo wengine hulichukulia kama kiburi cha fundi. Nini kisimame? Kwenye video yoyote kuna vitu kadhaa vinavyosogea kwa wakati mmoja, na kompyuta haina namna ya kujua kipi kati yao ndicho ardhi. Usipoiambia, itachagua yenyewe, na mara nyingi huchagua kile kilichojaza picha.

Kazi yangu iko Kisumu. Wiki moja ni harusi, nyingine ni mazishi upande wa Siaya, nyingine tangazo la muuza viatu wa Kibuye, na kila mara kuna mgeni anayetaka machweo ya Dunga. Kakamega naitwa kwa ngoma na kwa mapigano ya fahali. Kazi hizi karibu zote napiga kwa mkono, kwa kuwa tripodi haina pa kukaa kwenye mashua wala katikati ya umati unaokimbia. Hivyo jioni, stima ikiwepo, nakaa na mitikisiko ya mchana.

Kwanza nieleze programu inafanya nini hasa, maana watu hudhani ni uchawi. Inatafuta alama zinazoonekana wazi kwenye picha: kona ya dirisha, ncha ya bati, herufi ya kibao cha duka. Inazifuata alama hizo kutoka fremu moja (picha moja moja zinazounda video) hadi nyingine, na huku kwetu tunapiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo ni hesabu nyingi hata kwa klipu fupi. Kutokana na alama hizo inakisia kamera ilikwenda wapi, inachora upya njia hiyo ikiwa laini zaidi, kisha inasukuma kila fremu upande wa pili kufidia tofauti. Fremu ikisukumwa kushoto, kulia panabaki pengo jeusi. Ili kulificha pengo, picha inakuzwa na kingo zinakatwa. Ni shuka fupi hiyo: ukivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje.

Gharama ya kukuza nitairudia. Kwanza ziwa.

Ukiwa kwenye mashua kutoka Dunga kuingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, mbele yako kuna vitu vitatu. Kuna mashua yenyewe, na watu waliomo. Kuna maji, pamoja na magugu maji ambayo upepo huyahamisha yakiwa zulia zima, leo yameziba mahali pa kutua, kesho yamekwenda zake. Halafu kuna ukingo wa ng'ambo na vilima, mbali kabisa. Kila kimoja kina mwendo wake, na kamera iliyo mkononi mwako ina mwendo wa nne.

Niliituliza klipu ya namna hii kwa Warp Stabilizer, kile kifaa cha kutuliza video cha kampuni ya Adobe kilichoanza ndani ya programu yake ya After Effects CS5.5 mwaka 2011 na kuingia Premiere Pro CS6 mwaka uliofuata. Mashua ilikuwa imechukua nusu ya chini ya picha, mbao zimepakwa rangi kali na jina limeandikwa ubavuni, yaani alama tele za kufuatwa. Programu ikashika mashua. Matokeo yake mashua ilitulia kabisa na upeo wa macho ukaanza kuyumba juu na chini kiasi cha kumtapisha mtazamaji. Hapo hakuna hitilafu yoyote: ilifanya hesabu yake sawasawa, ila ilisimamisha kitu ambacho sikutaka kisimame.

Ndani ya kifaa hicho kuna sehemu ya kuonyesha alama zinazofuatwa, "Show Track Points". Ukiiwasha, picha inajaa vijialama vidogo, na hapo ndipo utaona kompyuta inaamini nini. Nilizizungushia alama zote za kwenye mashua nikazifuta. Nikafuta na zile za kwenye maji, kwa sababu mng'ao wa jua juu ya mawimbi ni mdanganyifu mkubwa: unaonekana wazi, una makali, lakini baada ya fremu chache umekufa na mwingine umezaliwa pembeni. Nikafuta na za magugu. Zilizobaki zilikuwa chache, za vilimani. Upeo ukasimama, na mashua ikapanda na kushuka mbele yake kama mashua inavyopaswa.

Sasa, hilo lilikuwa jibu sahihi kwa klipu ile. Katika kazi hiyo hiyo kulikuwa na picha ya mvuvi akizungumza, amekaa kwenye ubao, anaeleza jinsi mbuta walivyopungua nyavuni. Hapo niligeuza. Nilifuta alama za vilimani nikaacha zilizo kwenye mashua, karibu na mwili wake. Mvuvi akatulia, na ziwa likawa linapumua taratibu nyuma ya bega lake. Mtazamaji anasikiliza maneno yake, hana haja na vilima. Saa moja ya kazi, ziwa lile lile, kamera ile ile, na majibu mawili yanayopingana.

Kuna njia nyingine isiyotegemea kutazama picha kabisa. Kamera nyingi za siku hizi zina jairoskopu ndani, kihisi kinachopima jinsi kamera inavyozunguka, na baadhi ya kamera huandika vipimo hivyo ndani ya faili ya video. Kamera ndogo za GoPro hufanya hivyo tangu Hero5. Kuna programu ya bure iitwayo Gyroflow, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, inayosoma vipimo hivyo na kuituliza picha kwa kuvifuata. Uzuri wake ziwani ni kwamba haihangaishwi na magugu, mng'ao wala mbao za mashua, kwa sababu haiangalii chochote. Inajua tu kwamba kamera iliinama kulia nyuzi kadhaa, basi inairudisha. Inaweza pia kuufunga upeo ukae mlalo muda wote.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza, lazima uzime utulizaji wa ndani ya kamera kabla ya kupiga. Ukiuacha, kamera imeshaikata na kuisogeza picha kwa namna yake, na vipimo vya jairoskopu havilingani tena na kile kilichorekodiwa. Unapata mtetemo mpya ambao haukuwepo. La pili ni kwamba jairoskopu inapima mzunguko peke yake. Kamera ikipanda na kushuka bila kuinama, kama mtu anavyopanda na kushuka akitembea, haioni kitu.

Kutembea ndiko kunatufikisha kwenye mazishi.

Huku kwetu video ya mazishi ni kazi nzito na ya heshima. Familia imetawanyika, mmoja yuko Marekani, mwingine Mombasa hakupata ruhusa kazini, na video ndiyo itakayowafikishia. Mpiga video hutembea nyuma ya jeneza kutoka langoni hadi chini ya hema, kinyumenyume wakati mwingine, kwenye ardhi iliyotifuliwa. Kila hatua inaingia kwenye picha.

Familia moja ya Siaya iliniletea video iliyokwisha kuhaririwa na mtu mwingine, wakitaka nitengeneze nakala ya kuwapelekea ndugu wa nje. Nilikaa nao sebuleni tukaitazama. Katika sehemu ya jeneza kuingia bomani, mama mwenye nyumba aliinuka kwenye kiti akasogea karibu na televisheni.

"Mwanangu, mbona nyumba yangu inapumua?"

Nikatazama. Kweli, ukuta ulikuwa unajaa na kunywea kila hatua. Nguzo za veranda zilipinda na kunyooka. Baya zaidi, uso wa shangazi aliyebeba picha ya marehemu ulirefuka na kufupika.

"Ni kompyuta, mama. Imejaribu kuondoa hatua za aliyepiga."

"Basi irudishe hatua zake. Nyumba yangu iache."

Mama yule alikuwa ameona kwa dakika moja kile ambacho mafunzo mengi ya video hukipitia juu juu. Warp Stabilizer ina njia nne za kufanya kazi. "Position" inasogeza picha nzima kushoto, kulia, juu na chini, basi. Ya pili inaongeza kukuza na kuzungusha. Ya tatu, "Perspective", inaweza kuvuta pembe za picha. Ya nne, "Subspace Warp", ambayo ndiyo inayokuja ikiwa imechaguliwa tayari, haiichukui picha kama kipande kimoja. Inaipinda sehemu sehemu, kila eneo kwa kiasi chake. Sababu yake ni nzuri. Unapotembea, vitu vya karibu vinasogea sana kwenye picha na vya mbali kidogo tu, kwa hiyo hakuna msukumo mmoja wa picha nzima unaoweza kuvituliza vyote pamoja. Kwa mandhari ya msitu au milima, kupinda huko hakuonekani. Kwa kuta, nguzo na nyuso za watu, kunaonekana na kila mwenye macho.

Kwa hiyo penye nyuso na majengo naanza na "Position". Isipotosha, napanda hadi ya pili. Ya nne naitumia kwenye vichaka. Ulaini nao hauhitaji kuwa asilimia 50 kama programu inavyopendekeza. Kwenye maandamano ya mazishi huwa naweka kati ya 5 na 15. Hatua zinabaki, lakini zinabaki zikiwa hatua za binadamu anayetembea polepole, na kwenye msafara wa mazishi hilo halimsumbui mtu. Nilipata klipu asilia kutoka kwa familia, nikaifanya hivyo. Mama akaridhika, ingawa alilalamika kuhusu wimbo niliouweka mwishoni, na katika hilo pia alikuwa na haki.

Wapo wanaoamini gimbali, kile kishikio chenye mota kinachosawazisha kamera, ingemaliza hadithi yote. Gimbali ya mihimili mitatu inazuia kamera kuinama na kuzunguka, kazi ile ile inayofanywa na Gyroflow baadaye, lakini haizuii kupanda na kushuka kwa hatua. Mmarekani Garrett Brown alipobuni Steadicam, kifaa cha kubebea kamera mwilini, miaka ya 1970, alikuwa na mkono wenye springi uliobeba uzito wa kamera na kumeza hatua za mpigaji. Gimbali ndogo tunazonunua hazina mkono huo. Magoti yako ndiyo springi. Yakunje kidogo, anza na kisigino, umalizie na vidole, viwiko vibane mbavuni. Nimewaona vijana wakitembea na gimbali wima kama askari wa gwaride, kisha wanashangaa picha inadunda.

Nirudi kwenye gharama ya kukuza. Ukikuza picha ya 1920 kwa 1080 kwa asilimia 125 ili kuficha mapengo, sehemu unayotumia kweli ni pikseli 1536 kwa 864. Zilizobaki zimevutwa. Kwenye simu hutaona; kwenye televisheni kubwa ya sebuleni utaona sura zimelegea. Mimi nikiona programu imepita asilimia 115 huanza kutafuta dawa nyingine.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Programu inapopanga kiasi cha kukuza inaangalia pengo kubwa kuliko yote ndani ya klipu nzima. Kama kamera iliruka mara moja tu, labda mtu alikupiga kikumbo, klipu nzima itakuzwa kwa ajili ya kikumbo hicho. Mwanzo na mwisho wa klipu ndipo pabaya zaidi, pale unapoinua kamera na unapoishusha. Kata kwanza, tuliza baadaye. Ukiondoa kichwa na mkia, au ukaigawa klipu mara mbili penye kikumbo na kuweka picha nyingine hapo katikati, asilimia 125 inaweza kushuka hadi 106. Nimeona wahariri wakituliza klipu ndefu nzima ya hotuba kisha wanachagua sekunde chache za kutumia. Wamelipa kwa sekunde ambazo hazitaonekana.

Dawa ya pili ni kupiga kwa 4K hata kama video ya mwisho ni HD, yaani ile ya 1920 kwa 1080. Picha ya 3840 kwa 2160 ina upana mara mbili na urefu mara mbili ya unaohitaji, kwa hiyo hata ukikuza kwa asilimia 125 bado una pikseli 3072 kwa 1728 za kweli. Kwenye Premiere kuna usumbufu hapa: Warp Stabilizer inataka klipu na sekwensi (mfuatano unaopangia klipu wakati wa kuhariri) ziwe na vipimo sawa, na haikubali klipu iliyobadilishwa kasi. Suluhisho ni kutuliza ndani ya sekwensi ya 4K, halafu sekwensi hiyo unaiingiza ndani ya nyingine ya HD na kufanya mambo ya kasi huko. Kadi za kumbukumbu zitajaa mapema. Nunua kadi.

Kitu ambacho hakuna programu niliyowahi kuiona ikikiponya ni ukungu wa mwendo. Chini ya hema jioni, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ikiwa 1/50 ya sekunde, kila mtikisiko unaacha mburuzo ndani ya fremu yenyewe. Programu itazipanga fremu vizuri, picha itasimama, lakini kila baada ya muda itafifia na kurudi kuwa kali bila sababu inayoonekana. Jicho linakubali ukungu pale linapouona mwendo uliousababisha. Ukiuondoa mwendo na kuacha ukungu, picha inaonekana mgonjwa. Ndiyo maana nikijua nitalazimika kutuliza, napandisha shata hadi 1/100. Kwa umeme wetu wa hezi 50, taa humeta mara 100 kwa sekunde, basi 1/100 inaniweka salama pia na kumetameta kwa taa za hema. Mchana wa jua kali naweza kwenda juu zaidi.

Bodaboda ni balaa la aina yake. Duka moja la vipuri lilitaka tangazo: pikipiki inapanda barabara ya Nakuru kuelekea Menengai, mji unabaki chini. Mwenye duka alikuwa amenunua kishikio cha kufunga simu kwenye usukani, na alijivunia sana. Nilimwomba tusikitumie.

Kihisi cha kamera ya simu hakisomi picha nzima kwa mpigo mmoja. Kinasoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Injini inatetemeka haraka sana, kiasi kwamba mstari wa juu unasomwa simu ikiwa mahali pamoja na wa chini ikiwa pengine. Nguzo za stima zinakuwa mawimbi. Huu si mtikisiko wa picha nzima, ni picha iliyovunjika ndani yake, na kuisukuma huku na huku hakuwezi kuiunga. Programu zina sehemu ya kupunguza hilo, lakini msaada wake ni kwa madhara madogo. Tena kuna hasara ya mfukoni. Simu zenye lenzi inayoelea ndani kwa ajili ya kutuliza picha zinaweza kuharibiwa na mtetemo wa injini ya pikipiki. Apple yenyewe ilitoa onyo hilo mwaka 2021 kwa watumiaji wa iPhone.

Nilikaa nyuma ya dereva, simu mkononi, viwiko vikiwa vimeachia. Nyama na mifupa ya mtu humeza mtetemo wa injini kuliko chuma chochote kilichokazwa na skrubu. Mashimo na matuta yalibaki, lakini hayo ni mitikisiko mikubwa na ya polepole, na hiyo ndiyo programu inaimudu.

"Boss, hapa kuna bumps mbili, shika," dereva alinipigia kelele kila mara kabla ya tuta. Kelele zake zote ziko kwenye sauti ya asili. Niliweka muziki.

Sasa twende Kakamega, ambako nilibadilisha mawazo juu ya kazi hii kwa jumla. Waisukha na Waidakho wana ngoma ya isukuti, iliyowekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zinapigwa, pembe inalia, na wachezaji wanatikisa mabega kwa kasi ambayo kamera haiipendi. Nilimpiga video mchezaji mmoja kwa karibu, amejaza picha. Nilipoipeleka klipu kwenye programu bila kuigusa, ilishika shati lake lenye mistari. Mchezaji akasimama tuli, na migomba iliyokuwa nyuma yake ikacheza isukuti. Tulicheka sana studio, na klipu ile bado ninayo, nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza. Dakika moja ya kuitazama inawaelewesha kuliko maelezo yangu yote ya alama. Kufuta alama za kwenye shati kuliirejesha migomba shambani na ngoma kwa mwenyewe.

Asubuhi ya fahali ni jambo jingine. Umati unafika uwanjani pamoja na fahali, matawi mikononi, filimbi, isukuti mbele. Fahali wawili wanapogonganisha pembe watu huwazunguka kwa karibu mno, na mmoja anaposhindwa na kugeuka kukimbia, wote waliokuwa upande huo hukimbia pia. Mpiga video akiwemo. Kamera hapo inapiga anga, mgongo wa mtu, nyasi, kiatu, halafu fahali tena akiwa mbali.

Mteja aliyeniagiza alitaka kila kitu laini. Nilimtengenezea namna mbili. Katika ya kwanza nilituliza yote, pamoja na ile ya kukimbia, kadiri ilivyowezekana. Ya pili niliituliza mpaka pale fahali anapogeuka, kisha nikaacha mtikisiko kama ulivyo hadi umati unaposimama tena. Kwenye ya kwanza fahali anakimbia na hakuna anayeogopa. Inafanana na picha iliyopigwa na mtu aliyekaa kwenye paa la gari, mbali, anakunywa soda. Kwenye ya pili unakwepa mwenyewe ukiwa kwenye kiti. Mteja alichukua ya pili bila mjadala mrefu, na tangu hapo sianzi kazi kwa kuweka utulizaji kwenye kila klipu. Naanza kwa kuangalia ni mtikisiko upi unamwambia mtazamaji kitu.

Kwa wanaouliza programu gani, jibu langu ni fupi. DaVinci Resolve ya bure inatosha watu wengi. Utulizaji wake una njia tatu na una kitufe cha kuifunga kamera kabisa, kinachofaa pale ulipokuwa umesimama mahali pamoja na mkono tu ndio ulitetemeka. Mwenye kompyuta dhaifu ajaribu Kdenlive au Shotcut. Zote mbili hutumia maktaba ya msimbo iitwayo vid.stab, ya Georg Martius, inayofanya kazi kwa awamu mbili: kwanza inasoma klipu na kuandika mienendo yote kwenye faili, kisha inarudi kuisogeza picha. Ukiitumia kupitia FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ulaini wake wa kuanzia ni 10, maana yake inaangalia fremu 10 zilizopita na 10 zijazo, jumla 21 pamoja na iliyopo. Hiyo ni chini ya sekunde moja. Kwa mwendo wa mashua, ambao wimbi lake ni refu, naipandisha hadi 25, yaani fremu 51, kama sekunde mbili hivi. Polepole, ndiyo. Iache ifanye kazi ukienda kula.

Mwisho kuna klipu zinazonifikia kwa WhatsApp, na hizi ndizo nyingi. Kijana amempiga video babu yake akicheza kwenye sherehe, mkono ulitetemeka, sasa anataka itulizwe kabla ya Jumapili. WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huibana. Maeneo yenye mwendo hugeuka miraba miraba, na programu hushika kingo za miraba hiyo ikidhani ni vitu halisi. Huwa namrudisha, namwambia aitume kama hati, au aje na simu yenyewe pamoja na waya. Bei ya kutuliza faili asilia na bei ya kuhangaika na iliyobanwa nimezibandika mlangoni, ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Tangu nizibandike, simu asilia zimeanza kuja.